Kapu la Maneno Hamsini na Manne

Kisasi kilimjia Kiroboto kikiwa kimevaa kofia.

Msicheke. Kofia yenyewe ya kijivu, laini kama ile ya kuogelea, imejaa vidoti vya chuma kwa ndani, na waya umening'inia nyuma kama mkia wa panya. Ndani ya kofia hiyo kulikuwa na kichwa cha Mama Mkuu, mwanamke aliyemvunjia uchumba wake mwaka mmoja na nusu uliopita, mchana kweupe, akiwa amekaa kitini kwake, wala jasho halikumtoka.

Aliitwa Mama Mkuu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita. Na sauti yake, jamani! Akimwita mwanafunzi ofisini, hata watu waliokuwa wakipita zao barabarani walijikagua vifungo vya shati. Sasa kiharusi kilikuwa kimeibeba sauti ile yote. Mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande, na kila alichojaribu kusema kilitoka "aaa". Miezi mitatu mizima, "aaa" tu.

Na nani, katika kitengo kizima cha usemi pale hospitali, alikuwa amesomea kile kifaa kipya cha kuokota maneno kwenye ubongo? Mmoja tu. Msichana mwembamba mwenye koti jeupe, asiyeweza kukaa kitini dakika tano bila kurukaruka. Jina la Kiroboto alipachikwa na Mama Mkuu mwenyewe, siku ya kwanza alipopelekwa nyumbani kutambulishwa.

"Huyu ndiye uliyeniletea?" Mama Mkuu alimuuliza mwanawe. "Kiroboto huyu?"

Jina likaganda. Lakini yule mwana alilifanya tamu. Alikuwa daktari wa meno, Kiroboto akamwita Meno, na Meno alijua kulitamka lile jina taratibu, karibu na sikio, mpaka mtu akatamani kuwa kiroboto kweli ajifiche kwenye ukosi wa shati lake. Vidole vyake vilinukia karafuu, ile dawa ya kutulizia jino. Mpaka leo Kiroboto akisikia harufu ya karafuu, moyo unamwenda mbio kama umeitwa jina.

Basi ikatokea nini? Ikatokea meseji. Mistari mitatu.

"Mama ameniambia kila kitu. Usinitafute. Nakutakia masomo mema."

Masomo yapi? Kiroboto alikwenda mbio mpaka kwa Mama Mkuu, akamkuta sebuleni anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Amestaafu, lakini makosa ya watu bado yanamwasha.

"Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia umekuja hapa ukaniambia humtaki, unamshikilia tu mpaka ufadhili wako wa kwenda kusoma nje utoke."

"Mimi sijasema hivyo! Mimi hata hiyo nje siitaki!"

"Najua." Akageuza ukurasa. "Lakini nani atakuamini wewe? Mimi nimefundisha nusu ya mji huu kusema ukweli."

Kiroboto alisimama pale, machozi yamejaa lakini yamekataa kuanguka. Akasema, "Iko siku utalisema hili mbele ya mwanao. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Mdomo huu?" Mama Mkuu akajigusa midomo kwa ile kalamu nyekundu, akacheka. "Basi subiri."

Kiroboto akasubiri. Meno alikuwa ameshamfungia simu, kila njia ameziba. Miezi kumi na saba baadaye, asubuhi ya Jumatatu, mlango wa chumba cha usemi ukafunguliwa, kikaingia kiti cha magurudumu. Anayekisukuma, Meno. Aliyekaa, Mama Mkuu. Aliyebeba mikoba, mito, chupa ya maji na maneno mengi, Shangazi, yaani dada wa marehemu baba yake Meno.

Meno na Kiroboto walitazamana, halafu kila mmoja akatazama kitu kingine haraka. Yeye aliangalia ukuta, Kiroboto akaangalia faili. Kwenye faili hakusoma hata herufi moja.

"Wewe ndiye mtaalamu?" Meno akauliza, sauti imemkauka.

"Ndiye mimi. Karibuni."

Na kimoyomoyo akasema: Karibu sana, Mama.

* * *

Sasa niwaeleze kile kifaa kinavyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa utamu wa mambo.

Shangazi ndiye aliyeuliza. Alikiangalia kichwa cha wifi yake kikivalishwa kofia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwanangu, hiyo kofia inasikia na ninayoyafikiria mimi huku? Kama inasikia nitasubiri nje. Kuna mambo nimemfikiria wifi yangu humu ndani, tukiyasikia hatutarudi gari moja."

"Haisikii mawazo, Shangazi," Kiroboto alicheka. "Inasikia neno ambalo mtu anajaribu kulitamka. Tena lazima kwanza akunje ngumi, si kwa mkono, kichwani. Akiikunja, mashine inasikiliza. Asipoikunja, mashine haina habari naye. Ya moyoni yanabaki moyoni."

"Afadhali."

"Tena haijui maneno yote. Inajua yale tu tuliyoifundisha. Tunayaita kapu. Mgonjwa akijaribu kusema neno lisilokuwemo, mashine itampa lile linalokaribiana nalo zaidi."

Kapu la mwanzo lilikuwa na nafasi hamsini na mbili, familia ndiyo iliyoyachagua maneno. Meno aliandika: ndiyo, hapana, maji, dawa, kichwa, mwanangu, kesho, nimesema, samahani. Shangazi akaongeza yake: sabuni, baridi, njoo, na toka.

"Toka ya nini, Shangazi?"

"Ya wauguzi. Wifi yangu atakosaje kumfukuza mtu? Atakufa kwa presha."

Kiroboto akaipitia orodha. Kalamu yake ikasimama, halafu ikakata mstari juu ya neno moja.

"Mbona unaifuta samahani?" Meno akauliza.

"Mashine bado changa. Inayachanganya maneno yanayofanana. Samahani na sabuni zinaanza pamoja na kuishia pamoja. Chagueni moja."

"Sabuni!" Shangazi aliruka. "Wifi bila sabuni? Huyu mpaka bomba huliosha kabla hajanawa. Hiyo nyingine sijawahi kuisikia mdomoni mwake, asije akajisumbua."

Alichosema Kiroboto kilikuwa kweli. Yanachanganyika. Ila kweli nyingine hakuisema: kwamba kwa siku mbili zaidi za mazoezi mashine ingeweza kuyatofautisha, na angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, siku hizo mbili angempa. Kwa huyu hakutaka. Hakutaka Mama Mkuu apate neno la bure la kupanguzia kosa lake.

Na sauti? Hapo ndipo uchawi ulipo. Meno alileta kanda za hotuba za mama yake za mahafali, miaka na miaka, mashine ikajifunza sauti yake ileile. Wiki ya tatu, Mama Mkuu alifumba macho, paji likamkunjamana, jasho likamtoka kama anasukuma gari, na spika ndogo mezani ikasema, kwa sauti nzito ya mwalimu mkuu: "Maji."

Shangazi aliangua kilio. Meno alipiga magoti akaushika ule mkono uliolala, mabega yakawa yanatikisika. Kiroboto akageuka dirishani. Alikuwa na kisasi chake, ndiyo, lakini macho hayakujua. Yalimlowa tu. Miezi mitatu mtu yuko hai amezikwa ndani ya kichwa chake, halafu anatoka na kuomba maji! Alitamani kukumbatiana na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa amepiga magoti hatua mbili kutoka pale, ananukia karafuu, na Jumamosi ijayo alikuwa anakwenda kuchumbia.

Ndiyo. Alikuwa amepata mwingine, daktari wa macho, chaguo la Mama Mkuu kabla ya kuugua. "Meno na Macho," Shangazi alisema kwenye korido. "Tukipata na wa masikio tufungue hospitali." Lakini Meno alikuwa amesema haendi popote mama yake asipotamka baraka mwenyewe. Kwa hiyo Alhamisi saa nne, mbele ya kofia, Mama Mkuu angeulizwa swali, na angesema ndiyo.

Alhamisi saa tatu na nusu, kapu lilikuwa na maneno hamsini na manne.

* * *

Walikuwa wawili tu chumbani. Shangazi alikuwa ameshuka kumpokea Meno. Kiroboto alimfunga Mama Mkuu kamba ya kofia chini ya kidevu, taratibu, vizuri, kazi ni kazi. Halafu akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Shikamoo, Mama."

Macho ya Mama Mkuu yalimtazama. Hayo hayakupooza. Yalikuwa yaleyale ya kalamu nyekundu.

"Nimekuongezea maneno mawili leo. Hayafanani na mengine, mashine itayashika upesi. La kwanza ni jina langu. Jaribu."

Spika ikasema: "Kiroboto." Ikapumua kidogo. "Toka."

Kiroboto alipiga makofi. "Safi! Mwezi mzima nakufundisha kusema, na la kwanza unalonipa ni kunifukuza. Mama, hata hiyo 'toka' nimeiweka mimi. Bila mimi ungenifukuza kwa 'aaa'."

"Toka."

"Sitoki. Sikia la pili kwanza."

Kwenye kibodi kulikuwa na kitufe cha majaribio. Kazi yake ni kupima spika: ukichagua neno kapuni ukakibonyeza, mashine inalitamka kwa sauti ya mgonjwa, mgonjwa akitaka asitake. Wala hakiachi alama popote. Kiroboto alishawahi kumwambia Profesa, mkuu wa kitengo, kwamba kitufe kile kinamtisha. Profesa akamjibu, "Nani mwenye roho ya kumsemea mgonjwa?"

Haya, roho hiyo hii hapa. Kiroboto alibonyeza.

"Nilidanganya," ilisema sauti ya Mama Mkuu.

Uso wa Mama Mkuu ulibadilika. Nusu inayosogea ilishtuka, na ile isiyosogea ilibaki palepale, na kuona vile viwili kwa pamoja kulitisha. Alijaribu kusema kitu, ikatoka "aaa". Akasahau ngumi, akasahau mashine.

Kiroboto alisogea karibu. "Umesikia? Mwanao akiwa amesimama hapo, Shangazi pale, nitabonyeza mara moja. Na watakuamini, Mama. Maana wewe umefundisha nusu ya mji huu kusema ukweli."

Alikuwa ameingojea sentensi hiyo mwaka mmoja na nusu. Aliifanyia mazoezi bafuni. Sasa imetoka, na bado ilikuwa tamu, lakini tamu ya pipi inayokwangua ulimi.

Chozi lilimtoka Mama Mkuu kwenye lile jicho zima. Mkono wake wa kushoto ukapapasa hewani kuutafuta waya, aung'oe, ukashindwa kufika. Kiroboto aliutazama mkono ule. Mama Mkuu, aliyenyamazisha mistari ya watoto mia nane kwa kuinua kidole kimoja, anashindwa kufika kisogoni kwake.

Mlango ukafunguliwa.

"Tumefika!" Shangazi aliingia kama sherehe. "Wifi, umependeza. Kofia imekukaa kuliko mimi."

Meno aliingia nyuma yake, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akamsalimu mama yake, akambusu paji. Akanyanyua macho, yakakutana na ya Kiroboto, na safari hii hakuna aliyekimbilia ukuta.

"Umeamkaje?" akauliza.

"Salama. Tuanze, nina mgonjwa mwingine saa tano."

Hakuwa na mgonjwa yeyote saa tano.

Kiroboto akakaa kwenye kompyuta. Akalichagua neno. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Meno alichuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu. "Mama, Jumamosi nakwenda kwa kina Macho. Sitaki kwenda bila neno lako. Unanibariki?"

"Usiharakishe, wifi," Shangazi akasema. "Neno moja tu. Ndiyo. Fupi, halichoshi."

Mama Mkuu hakumtazama mwanawe. Alikitazama kidole cha Kiroboto.

Na Kiroboto, wenzangu, alikuwa amefika mwisho wa safari. Kubonyeza tu. Lakini kidole kilikataa. Si kwa huruma, msije mkamsifia bure. Ni kwamba ghafla alisikia jinsi itakavyokuwa: ile "nilidanganya" itatoka kwa sauti ya Mama Mkuu, lakini mwenye kuisema atakuwa yeye, Kiroboto, anajisemea mwenyewe, anajijibu mwenyewe. Kisasi gani hicho? Alitaka itoke kwa yule aliyeificha. Ikiwa ni yake, haina ladha.

Akautoa mkono kwenye kibodi. Akautia mfukoni mwa koti, polepole, Mama Mkuu akiona. Kisha akautia na wa pili. Macho yake yakasema: Haya. Sikusemei. Ukitaka nyamaza, ubaki nalo.

Paji la Mama Mkuu likakunjamana.

"Hapana," ikasema spika.

Meno aliinuka nusu. "Hapana? Mama, hunibariki?"

"Mwanangu," ikasema spika. Jasho lilikuwa limeanza kutiririka chini ya kofia. "Kiroboto. Hapana. Nimesema." Akapumzika. Akakusanya nguvu kama anapanda ngazi. "Nilidanganya."



Mikono yote miwili ya Kiroboto ilikuwa mfukoni. Amesema! Amesema mwenyewe! Alitaka kuruka mpaka darini.

Ila Meno hakuwa akimtazama mama yake tena. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Hamsini na nne," alisema. "Kapu lilikuwa na hamsini na mbili. Niliyaandika kwa mkono wangu. Haya mawili yametoka wapi?"

"Meno..."

"Nani kaweka 'nilidanganya' humu?"

Kiroboto akajibu, "Mimi. Leo asubuhi."

"Na hicho kitufe cha kupimia spika, si ulinionyesha mwenyewe wiki ya kwanza? Unabonyeza, inasema."

"Sikubonyeza. Mikono yangu ilikuwa mfukoni."

"Nitajuaje? Nilikuwa nimekupa mgongo!" Sauti ilimpanda, ikamvunjika njiani. "Mama yangu hana mkono, hana mguu, hana ulimi. Kitu alichobaki nacho duniani ni neno lake, na wewe umekwenda kutia mkono humo humo? Una hasira na mimi, nipige mimi! Nitukane mimi!"

Kiroboto aliinamisha kichwa. Maana lilikuwa kweli. Ameupata ukweli wake, umetoka pale ulipopaswa kutoka, na ameuharibu yeye mwenyewe kwa kuutayarishia uongo wake. Angekuwa na uso gani wa kusema niamini? Ndivyo alivyobaki Kiroboto, kama alivyobaki sebuleni kwa Mama Mkuu siku ile: ana haki, na hana shahidi.

"Aaa!" Mama Mkuu alipaza, mkono wa kushoto unapiga kiti. "Aaa!"

"Nyamazeni wote," alisema Shangazi.

Alikwenda mezani, akaishika kibodi, akachomoa waya wake bila kuuliza mtu. Akaiweka kibodi juu ya kiti, akaikalia. Yote. Na Shangazi si mtu mdogo.

"Haya. Kuna mtu anaweza kubonyeza kitu?" Akajitengeneza vizuri. "Wewe Kiroboto, nje. Wewe mwanangu, mikono kichwani. Wifi, mwanao anasema unasemewa. Unasemewa?"

* * *

Kiroboto alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, mkabala na mlango. Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, akamuuliza kama yuko sawa, akaitika kwa kichwa. Kupitia mlangoni, sauti ilikuja moja moja, na kati ya neno na neno mtu angeweza kuhesabu mpaka ishirini.

"Hapana."

"Kiroboto. Hapana. Nimesema."

"Mwanangu. Nilidanganya. Nilidanganya. Nilidanganya."

Yaani Kiroboto hakuyasema yale, Mama ndiye aliyedanganya. Mara tatu. Kama mwalimu anayemwandikisha mtoto kosa lake ubaoni, ila mtoto ni yeye mwenyewe.

Halafu kikaja kitu kingine.

"Sabuni."

"Unasemaje, wifi?" sauti ya Shangazi.

"Kiroboto. Sabuni. Kiroboto. Sabuni."

"Anataka Kiroboto amwogeshe? Sasa hivi? Wifi, tuko hospitali!"

Kule koridoni, Kiroboto aliushika mdomo wake. Alielewa. Alikuwa ameifuta kwa kalamu yake mwenyewe, na sasa yule mama alikuwa anagonga mlango usiokuwepo, anapewa wa jirani.

Mlango ukafunguka, Meno akatoka, amekuwa mweupe kama koti la kazi.

"Si sabuni," alisema.

"Najua."

"Anataka kusema..."

"Najua anachotaka kusema. Nilikifuta mimi. Kwa siku mbili za mazoezi kingekuwemo. Nilikuwa mchoyo."

Meno alisogea. Karafuu ikamfikia Kiroboto kabla yake, moyo ukaitika, akautukana kimyakimya. Macho ya Meno yalikuwa mekundu.

"Mwaka mmoja na nusu," alisema. "Ulikuwa unanipenda muda wote?"

"Hilo huulizwi mimi. Ungeuliza siku ile. Ungekuja mlangoni kwangu ukasema, Kiroboto, nimesikia hivi, ni kweli? Maneno matano. Wewe ukaniandikia mistari mitatu."

"Nilimwamini mama."

"Na mimi ulikuwa hunijui?"

Meno alisogea tena. Alitaka kumshika mkono, Kiroboto akaurudisha mfukoni, ulikokuwa salama.

"Mama ametafuta neno lake mpaka jasho limemtoka," Kiroboto alisema. "Wewe kapu lako halina mwisho, na ulimi mzima, na lile neno hakuna aliyekufutia. Haya. Sema."

Meno alifungua mdomo. Daktari anayewaambia watu "fungua, fungua zaidi" kutwa nzima, alisimama koridoni kinywa wazi, na hakikutoka kitu.

Kiroboto alisubiri. Akahesabu mpaka ishirini, kwa haki, kama anavyowahesabia wagonjwa.

"Funga," akasema. "Nzi wataingia."

"Kiroboto, nipe muda..."

"Muda unao. Nenda kwanza kwa Macho, mwambie mwenyewe, uso kwa uso. Usithubutu kumtumia meseji. Akimaliza kulia, na wewe ukimaliza, ndipo utajua kama una cha kuniambia. Mlango wangu unaujua."

Akavua kitambulisho chake shingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Profesa. Kumwambia nimetia neno kapuni kwa mgonjwa bila idhini, na kitufe chake kiondolewe. Anaweza kunifukuza, anaweza kuniacha. Ulikuwa unakwenda kunishtaki, si ndiyo?"

Meno akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakwenda."

"Basi hata raha hiyo nakunyima."

Akageuka. Alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia, kupitia mlango ulioachwa wazi, ile sauti iliyowahi kunyamazisha watoto mia nane. Safari hii ilikuwa inaomba.

"Kiroboto. Sabuni."

Alisimama. Mkono juu ya chuma cha ngazi. Akacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

"Nimesikia, Mama!" alipaza sauti, korido nzima ikageuka. "Kesho saa tatu! Wakiniruhusu kuingia, nitakufundishia lile lenyewe, na utalisema mpaka nichoke! Leo baki na sabuni!"

Spika ikajibu, nzito, kavu, ya mwalimu mkuu asiyependa kushindwa mbele ya watu:

"Kesho. Nimesema."

Kiroboto akazishuka ngazi mbili mbili, anaruka.